Koti la Baba Makumbushoni

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa mwisho, shangazi yetu, kijana wa kuongoza wageni, na mzee mmoja wa Kikwajuni aliyemwosha baba yetu alipokufa. Wa sita lilikuwa koti la jeshi la baba, limetundikwa ndani ya kabati la kioo.

Makumbusho yenyewe yalikuwa vyumba viwili nyuma ya mnara wa askari waliokufa vitani. Mnara ulipakwa chokaa upande unaoonekana kutoka barabarani tu. Ndani tulioneshwa sufuria ya jeshi, kisha sufuria nyingine ya jeshi, na picha za wakubwa waliokuja kwenye ufunguzi, nyingi kuliko picha za askari. Shangazi alisema sufuria kama zile anazo jikoni na hajawahi kumtoza mtu kiingilio.

Tulikwenda kwa ajili ya mdogo wangu. Baba alirudi kutoka vita vya Uganda na kifua kibovu, akafa mdogo wangu huyo bado ananyonya. Mama naye akafuata. Mimi niliacha skuli nikawalea wadogo zangu, lakini baba wa kumwonesha sikuwa naye, hata kwa picha. Nguo zake, kama ilivyo desturi yetu, alipewa aliyemwosha. Sasa mdogo wangu alisikia kuwa koti lipo makumbusho, akataka kwa mara moja tu aone jina la baba yake limeandikwa mahali.

Jina lililoandikwa lilikuwa la mwosha maiti.

Watu wa makumbusho walipotafuta vitu vya vita mitaani, yeye alipeleka koti, na waliolipokea wakaona mwenye koti ndiye mwenye vita. Wakampa kiti kando ya kabati na chai ya saa nne. Macho yake yalikuwa mabovu, hakututambua. Akaanza kutusimulia alivyovuka mto maji yakimfika kifuani, bunduki kichwani. Kisa hicho kilikuwa cha baba. Nilikisikia barazani kwetu nikiwa mdogo, isipokuwa mto ulikuwa umepanuka.

Nilimwomba kijana abadilishe jina. Akasema panatakiwa shahidi, na shahidi wa koti ni shujaa mwenyewe. Shangazi akamgeukia mzee.

"Bwana wee, mto upi huo? Wewe kuvuka kwenda kisiwani Changuu tu ulitapika."

Mzee aliitambua sauti hiyo. Alimsogelea mdogo wangu, aliyekuwa ameweka kiganja juu ya kioo, usawa wa mkono wa koti.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukinyonya siku ile?"

"Naam, ami."

Akamwambia kijana: "Andika jina la baba yao. Mie vita sijaviona. Koti hili nimemvua marehemu kwa mikono yangu."

Kijana akauliza sasa nani atawasimulia wageni. Kadi mpya iliandikwa kwa kalamu, na mdogo wangu akaisoma kwa sauti, akarudia. Wiki iliyofuata kiti kiliondolewa, na chai nayo.

Nilimfuata mzee nyumbani kumshukuru.

"Shukrani sitaki, mwanangu. Siku yangu ikifika, njoo unioshe wewe."

Nikakubali, nikaenda kujifunza kuosha. Mzee yu hai mpaka leo, tena ana afya kunishinda. Tukikutana kwenye kahawa hunikumbusha mbele ya watu kuwa nadaiwa. Nami huitikia kuwa nadaiwa kweli, na yeye huniambia hana haraka.