Vidonge Kwanza, Utani Baadaye

Saa tatu asubuhi, vidonge vikishamezwa, Esnah Nyamusi anakokota benchi hadi barazani na kumwaga vizibo vya soda juu ya ubao wa dama. Wagonjwa wa moyo wa hospitali hii ya mjini Kisii wanatoka polepole, miguu imewavimba. "Asiyecheza atanifulia mashuka!" anawatishia. Wanacheka, maana hata ndoo wamekatazwa kuinua.

Esnah ni mhudumu wa wodi. Kazi aliyoajiriwa ni ufagio na mabakuli ya uji. Michezo ameiongeza mwenyewe, kwa idhini ya sista msimamizi, baada ya kuona watu wakipata nafuu ya kifua huku wakinyauka kwa huzuni.

Mwaka huu wa 1974, nusura ashindwe na Machogu, kijana mkulima wa chai kutoka Birongo. Daktari alimwambia asishike jembe tena. Machogu akaugeukia ukuta. Uji ukapoa, vidonge akavitema.

"Mwanaume hawezi kulima ni wa nini?" alimuuliza Esnah. "Niacheni nimalizike."

"Niliogopa sana," Esnah anasema. "Nikaona huyu tutamzika."

Akamketisha kwenye dama na Mzee Obadiah, bingwa wa wodi. Kila mmoja akabaki akitazama miguu yake. Esnah hakuwa ameuliza ukoo. Kwa hesabu ya ukoo, Obadiah ni baba kwa Machogu, na kwa Wagusii baba na mwana wana ensoni, heshima yenye haya isiyoruhusu mzaha. Utani ni wa wajukuu na babu na bibi zao, sokoro na magokoro.

"Mgusii mzima, nasahau ensoni!" Esnah anajicheka. "Nilimwongezea ugonjwa tu."

Akaenda wodi ya wanawake kumleta Bitutu, bibi kizee aliyeolewa katika ukoo huohuo, kwa hesabu nyanya yake Machogu, naye pia mgonjwa wa moyo. Bitutu akasimama kando ya kitanda, mikono kiunoni.

"Huyu ndiye bwana yangu? Analala mchana kama paka ya padri! Nyumba yangu inavuja, nani ataezeka?"

 Kisha sauti ikatoka ukutani: "Magokoro, wewe umezeeka. Mimi sikutaki."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Bitutu akamsogezea bakuli. "Kunywa basi, upate nguvu ya kunifukuza."

Machogu akanywa. Esnah alijibanza nyuma ya mlango akalia kwa furaha.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wasema wahenga. Hawakuwahi kulazwa hapa.

Sasa Machogu yuko kwake, anasuka vikapu vya kuchumia chai akiwa ameketi, na mkewe Persis huvipeleka sokoni. Siku za kliniki lazima apitie barazani. Esnah naye anaomba chumba, kwa sababu mvua ya alasiri huwavunjia mchezo. "Nikipata chumba, hakuna mtu atakaa na huzuni peke yake," anasema.

Leo Mzee Ogari wa Mosocho ameelekea ukuta tangu alipoletwa. Safari hii Esnah ameshauliza ukoo. Anamkonyeza Machogu, aliyekuja kliniki, naye anavua kofia na kuinama kitandani.

"Sokoro, amka. Nimekuja kumchukua mke wako."

Mzee anageuka, mkono ukipapasa bakora.