Mlango wa Chini Kisimani

Mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa pale Handeni hakunikaribisha kiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku mkono wake ukifunga droo.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama. Nimekuja mwenyewe. Naomba kanda ya Kisima."

Kisima ni jina tuliloupa sisi mchezo mmoja wa kompyuta. Miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena, mumewe aliletewa na ndugu zake wa ng'ambo kompyuta ndogo ya nyumbani, akaiunganisha na televisheni, wakati huo bado hatuna hata kituo cha kutazama. Mchezo ulikuwa kwenye kaseti kama za muziki. Kimtu kinashuka kisimani na ndoo, chumba baada ya chumba, kinachota maji na kukwepa popo. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Tulijazana chumba cha nyuma ya duka, ingawa hatukuwahi kuona mtu akifika chini kabisa. Baadaye kompyuta iliharibika, mume naye akafariki, lakini watu wa rika langu wakikutana bado walibishana kuhusu mchezo ule.

Sasa nilikuwa nafundisha kompyuta Korogwe, mtaa wa Masuguru, kwenye chumba cha kupanga chenye mashine za mtumba. Rafiki alikuwa amenipa programu inayoifanya kompyuta mpya ijifanye ya zamani. Nilitaka vijana wangu waucheze. Ilibaki kanda tu.

"Nikikupa utanirudishia kanda tupu," alisema mama.

"Basi njoo nayo mwenyewe Korogwe," nilimwambia.

Akanigeuzia mgongo, nikadhani amekataa. Juma lililofuata nikamwona anashuka kwenye basi, mkoba ameubana kwapani.

Tulipoiweka kwenye redio kaseti niliyoiunganisha na kompyuta, kanda ilipiga kelele kama mabati yanayokwaruzwa, na kompyuta ikakataa.

"Umeifuta," alisema.

"Mama, hata sijaishika! Umeiweka wewe mwenyewe."

Nami nilikuwa na shaka zangu. Karatasi ya juu ya kanda ilikuwa imebanduliwa. Pengine alikuwa ameniletea nyingine ili anijaribu. Nilisafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, wapi. Tukakaa, kila mmoja akiichunga mikono ya mwenzake. Mwishowe akasema kwa shida, kama anayenipa kitu asichotaka kukitoa, "Mume wangu alikuwa anapunguza besi."

Nikapunguza. Kisima kikatokea kwenye kioo, nami nikahifadhi nakala kwenye mashine zote na kutafsiri maneno machache kabla ya kuwaita vijana.

Vijana walicheza kidogo tu. "Mbona polepole hivi, mwalimu?" Wengine walisema umeharibika. Mama akavuta kiti, akacheza mwenyewe mpaka chumba cha chini kabisa. Hapo akasimama.

"Hapa palikuwa na mlango."

"Sijawahi kuuona, mama."

"Umeuficha. Mume wangu alikuwa anaufungua. Kila akifika hapa ananituma dukani kuangalia wateja. Nikiwa kule nausikia unalia."

Niliapa kwamba sikugusa chochote zaidi ya kutafsiri maneno machache. Hakuniamini. Alichukua kanda yake akaondoka.

Vijana walikuwa wamesikia yote. Kesho yake chumba hakikuwa na pa kukaa. Kila mmoja alimshuku mwenzake kwamba ameupata mlango, wakawa wanacheza wamekinga kioo kwa mabega, sauti wameizima. Hata mimi walinishuku. Watu wa rika langu wakaanza kuja kutoka Handeni na Kabuku, kila mtu na hadithi yake. Mama naye hakuacha kuja. Alisimama pale pa kuingilia kama mkaguzi, akauliza neno moja tu: "Umepatikana?"

Ikawa binti mmoja wa Mashewa anatoka kisimani na maji mengi kuliko tulivyojua yanawezekana. Nilipomuuliza, akajibu bila kunitazama, "Kompyuta yako mbovu, mwalimu." Siku hiyo mama alikuwepo. Akasogea, akaketi kando ya binti, mkoba mapajani, macho kwenye kioo. Binti alijitahidi kumpuuza, akashindwa.

"Haya bibi, nitakuonyesha. Ila watu wakae mbali."

Waliobaki ni sisi watatu. Akawasha sauti, akashusha kimtu hadi chini, na badala ya kuchota akamwaga ndoo yote sakafuni, akangoja. Ukuta ukafunguka kwa mlio mdogo kama kengele ya baiskeli. Mama akanishika mkono.

"Ndiyo hiyo sauti."

Nyuma ya mlango palikuwa na chumba kidogo chenye maji, na ngazi ukutani. Basi.

"Ni hiki?" alisema mama. "Miaka yote ananifukuza kwa ajili ya hiki?"

Alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya sari. Kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Hiyo ngazi inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, bibi. Nimejaribu."

Mama akamtazama binti, akanitazama na mimi.

"Nipisheni kwenye kiti," alisema.