Fundi na Ndege ya Betri

Tangu fundi pikipiki ang'oe injini ya petroli kwenye dege lake la kurusha kwa rimoti, lenye mabawa mapana kama mlango, akaliwekea mota ya umeme, Mama Faith hashoni kwa raha kwenye cherehani yake. Wanagawana kibaraza kimoja hapo Tunduma, naye anamjua jirani yake: injini yoyote huigusa kwa ncha ya bisibisi, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, kisha akataja ugonjwa wake. Sasa mota haingurumi, na bisibisi haina la kumwambia. Anafungua pua ya dege, anasogeza betri mbele kidogo, analiinua kwa vidole viwili chini ya mabawa aone kama limekaa sawa, analitua, anaanza upya. Chai inapoa. Wateja wanangoja. Vidole vyenye oili havitulii hata akiviweka mapajani.

Jumapili baada ya ibada akamwomba Mama Faith amshikie mkia wa dege uwanjani. Akashika, akaachia, dege likapaa juu ya mabati ya watu, kimya kama mwewe. Fundi akaishika rimoti kwa nguvu, jasho likimtiririka, na mdomoni mwake ukaanza mngurumo: vruuu likipanda, vrrr likikata kona.

"Fundi, watu wanakutazama! Nyamaza basi," Mama Faith akasema huku akicheka.

"Nikinyamaza litaanguka, mama."

Upepo ukalipiga, dege likayumba. Fundi alikuwa bado anavuta pumzi baada ya kusema, na Mama Faith akajikuta ananguruma yeye.