Ramani Iliyonipeleka Kuposwa

Naandika nimejifunika shuka, maana nikikumbuka ya leo masikio yanawaka, na nyie mkicheka chekeni polepole.

Nipo likizo kwa shangazi huku Nyakatuntu (kwetu ni Bugomora), asubuhi akaja dada mmoja wa ramani kutoka wilayani, anapima kama mfumo wao wa kwenye simu unamfikisha mtu anapotakiwa, kwa sababu pikipiki za wagonjwa zitautegemea, akaomba mgeni asiyejua njia, afuate simu tu hadi zahanati bila kusema na mtu, yeye atakuja nyuma. Shangazi akanitaja. Ningekataa yangeisha, lakini mimi na kukataa mbele ya watu wapi na wapi, nikaitikia kwa kichwa.

Shangazi akanivisha kitenge chake cha kanisani (eti nisimwaibishe), na manyunyu yalipoanza nikajitanda kanga mpaka usoni. Simu ikanitoa barabarani, ikanitumbukiza kwenye kibanja cha watu, migomba pande zote, nataka kurudi naogopa kuharibu kipimo, mara nikatokea nyuma ya nyumba, uwanjani, watu wamejaa mikekani.

Walikuwa wageni wa kuposa, wanasubiri binti aletwe. Na hapo, machoni pao, katokea msichana kutoka nyuma, kajitanda, macho chini, kimya. Vigelegele vikalipuka, mama mmoja akanikalisha mkekani. Kijana anayeoa alikodoa macho tu (siku hiyo yeye hasemi, anasemewa).

“Huyu ana adabu,” akasema shangazi yake kijana. “Sema neno basi, mwanangu, tukusikie.”

Nikasogeza kanga mdomoni. “Shikamooni. Natafuta zahanati.”

Mzee wao akashika fimbo, akainuka. “Kumbe mgonjwa? Mbona hamkutuambia?”

Mlango ukafunguka, binti mwenyewe akatoka mbio kabla hajaitwa, jambo lisilofanywa kabisa, analia. “Si mimi huyo. Mimi mzima, baba, msiondoke.”

Dada wa ramani naye akachomoza migombani, akapiga magoti, akaeleza kwamba njia hiyo ilikuwepo kabla nyumba haijajengwa, ramani haikurekebishwa. Mzee akamtazama binti, akanitazama mimi, akakaa tena.

“Tunamtaka huyu aliyejitoa mwenyewe,” akasema. “Yule mwingine mpelekeni zahanati.”

Wakacheka mpaka kijana naye akacheka. Njiani dada akanishukuru, akaomba kesho nijaribu kutokea upande wa juu. Nikasema sitaki, kwa sauti mpaka nikajishangaa. Kuanzia leo nikipotea nitamuuliza mtu wa kwanza nitakayemwona, hata nikichelewa. Afadhali hivyo kuliko kuozeshwa na simu.