Kichwa cha Nguru

Mwanamke mmoja wa Pwani alifungua hoteli chini ya ghorofa yetu, mtaani Huruma. Majirani tulisimama mlangoni, tukanusa nazi, tukaenda zetu. Akiba yake yote ilikuwa mle ndani. Viti vikizidi kukaa vitupu, angefunga arudi kwao.

Ngoja nikueleze tulichoogopa, maana haikuwa roho mbaya. Wengi wetu tumetoka magharibi, upande wa ziwa. Kwetu samaki huwekwa mezani mzima, kichwa kikimtazama mgeni. Sokoni unafunua matamvua uone kama bado ni mekundu, unakagua jicho, ndipo unanunua. Huyu mama aliuza nguru, samaki mkubwa wa baharini, vipande vimezama kwenye mchuzi mzito. Jicho hakuna. Mkia hakuna.

"Mtu akikata kichwa," mama mkwe wangu alisema, "jua kichwa kilikuwa kinasema ukweli."

Ploti nzima humsikiliza. Nami nikaanza kuchungulia. Kila jioni mwenye hoteli alipanda ngazi na sufuria iliyofunikwa, ameikumbatia kama mtoto mchanga. Mwishowe nikamuuliza: vichwa huenda wapi?

Akacheka. "Twavila wenyewe nyumbani, shoga! Nimwekee mgeni kichwa, akwamwe na mwiba? Si aibu hiyo?"

Nikamwambia aiache heshima hiyo, itamfungisha hoteli: sisi wa ziwa hatuli samaki tusiyemwona kichwa.

Jumapili, baada ya kanisa, nilimleta mama mkwe. Hata kabla hajaketi akasema, "Kichwa kwanza. Kibichi."

Kikaletwa kwenye sinia. Wapita njia wakajazana mlangoni. Mama mkwe akafunua matamvua, akanusa, akabonyeza jicho kwa kidole gumba. Mwenye hoteli alisimama amekunja leso yake mikononi, hapumui.

"Samaki huyu hajakaa siku," mama mkwe akasema.

Nilishusha pumzi. Sahani ikaletwa, vipande viwili na wali. Akavigeuza kwa kijiko, huku na huku.

"Kichwa nimekiona, mwanangu. Lakini vipande hivi, nani ameona vikitoka kwa mwenye kichwa?"

"Mama!" nikasema.

Mwenye hoteli aliingia jikoni, akatoka na nguru mwingine mzima, ubao na kisu, akaviweka palepale mbele yetu.

Mama mkwe akasogeza kiti. "Kata. Tunaangalia."

Na wale wa mlangoni, mmoja mmoja, wakaingia kuketi ili waone vizuri.