Gertruda wa melini: 'Salamu tutapeana nchi kavu'

Saa mbili asubuhi, gati la Mbamba Bay limefurika watu. Mahindi yaliyoshuka na malori kutoka Mbinga yanapakiwa, ndizi zinagombewa nafasi, na abiria waliovaa masweta ya milimani wanalikodolea macho Ziwa Nyasa kana kwamba limewekwa pale usiku wa kuamkia leo. Juu ya gunia la maharage, ambalo mwenyewe ameshalalamika mpaka amechoka, amesimama mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni.

"Wazazi wangu, ndugu zangu, naomba masikio!" anapaza sauti. "Ukipanda ngazi, mikono ishike kamba. Mzigo mpe kuli, hatakimbia nao. Mtoto aliye mgongoni ahamie kifuani, umwone. Na salamu zenu zote mzimalize hapa hapa gatini. Kwenye ngazi na kwenye boti hatusalimiani. Salamu tutapeana nchi kavu!"

Watu wanaangua kicheko. Gertruda Kinunda, mhudumu wa abiria katika meli inayozungukia vijiji vya mwambao, hacheki.

"Wanadhani nafanya mzaha," anasema akishuka kwenye gunia. "Sisi Wamatengo tumelelewa kwa salamu. Mkubwa akitokea, unasimama, unainama, unaulizia watoto, unaulizia na kahawa. Nyumbani ni jambo zuri sana. Kwenye boti ni balaa."

Balaa hilo analijua. Vijiji vingi meli inakopita havina gati. Inatia nanga mbali kidogo na boti ndogo huwapeleka abiria ufukweni. Msimu mmoja mzee wa makamo alikuwa akiteremka kwenye boti hiyo, na vijana wote waliokwisha kukaa wakanyanyuka kwa pamoja kumpisha. Boti ililala upande. Hakuna aliyepotea, lakini mzee aliopolewa akiwa ameloa chapachapa, na magunia ya watu yakaenda na maji.

"Waliponea chupuchupu, na kosa lao lilikuwa adabu tu," anasema Gertruda.

Tangu siku hiyo aliweka amri yake. Yapo na mengine anayoyahubiri: usipande meli na tumbo tupu, kula hata kipande cha muhogo, ukisikia kichefuchefu, acha kuyatazama maji na uitazame milima, na meli ikikaribia kituo, msikimbilie wote upande mmoja kuona waliokuja kuwapokea. Lakini hiyo ya salamu ndiyo inayomletea ugomvi, hasa na wazee.

Mzee mmoja amepata kumwambia kwamba ziwa limemharibu. Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yanafanana na ya mama yake.

Gertruda alizaliwa Kitura, kijiji cha milimani, kwenye kahawa na mahindi, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya mtoni. Alipopata kazi melini, mama yake, Beata Ndomba, alisema neno moja ambalo binti hajalisahau.

"Aliniambia, kazi ya maji haina kaburi," anasimulia. "Kwamba nikifia huko, hatakuwa na mahali pa kupanda msalaba. Basi. Tangu hapo, nikienda Krismasi tunaongea yote, tunacheka, lakini nikitaja meli anaondoka kwenda kuchochea moto."

Mshahara wake ndio uliomsomesha mdogo wake na kuiezeka bati nyumba ya Kitura. Mama aliyakubali mabati. Kazi yenyewe hakuikubali, na kila jioni huongeza sala ili binti arudi kwenye kahawa.

Ila leo mambo ni mengine. Mdogo huyo wa Gertruda, aliyeolewa na mvuvi katika kijiji cha Nkalambi, amejifungua mtoto wa kwanza, na mvua zimeikata barabara. Bibi anayetaka kumwona mjukuu wake hana njia nyingine ila maji.

Anafika dakika za mwisho, basi lilichelewa kutoka Mbinga, wakati Gertruda anawarudia waliochelewa amri zake zote kwa sauti. Kitenge chake kimefungwa kwa kukaza, rozari imezungushwa kiganjani. Nyuma yake watu wanasukumana, na kabla Gertruda hajapata nafasi ya kumfikia, Mama Beata yuko katikati ya ngazi, chini yake maji yanapiga ubavu wa meli.

"Shikamoo, mama!" linamtoka Gertruda.

Mama hajibu. Hageuzi hata shingo. Anashika kamba kwa mikono miwili, anapita mbele ya binti yake na kwenda kukaa sitahani.

Asiyejibiwa shikamoo na mzazi wake anajua uzito wake. Gertruda anapuliza filimbi, anahesabu jaketi okozi, anampa ndoo mama mmoja aliyeanza kuchafukwa tumbo hata kabla ya kung'oa nanga. Macho yake yamejaa, anasingizia moshi wa injini.

Meli inashika njia ya kaskazini. Taratibu, milima ya Livingstone inaanza kujitokeza, inapanda moja kwa moja kutoka majini mpaka mawinguni. Mbele kabisa, nguzo nyeusi inainuka juu ya ziwa, ndefu, inazunguka polepole. Abiria wa milimani wanashtuka wakidhani meli nyingine inaungua. Ni kungu, wadudu wadogo wa ziwani wasiohesabika, wanaoamka majini na kupaa kwa pamoja. Hata mabaharia waliowazoea wanasimama kuwatazama.

Gertruda anapanda juu na birika la chai, anasita nyuma ya benchi la mama yake. Mama Beata hajamwona. Anazungumza na abiria aliye kando yake, ila ni kama anajisemea.

"Tazama mawimbi haya. Ni ngolo hizi," anasema, akimaanisha yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba kwa safu mteremkoni na kulima kingo zake. "Ngolo mlima mzima, na zinatembea! Sisi tunachimba mpaka kiuno kinakatika. Hizi anazilima nani?"

Anaipeleka rozari midomoni. "Jamani, Mungu ana shamba."

Gertruda anarudi na birika lake bila kummiminia mtu.

Nkalambi hakuna gati. Meli inatia nanga, boti inasogezwa, na Masoudi, mwendesha boti, anaizuia isigonge. Gertruda anatangulia ndani yake kuwapanga abiria, kama ilivyo kazi yake. "Ngojeni wimbi liinue boti, nikisema sasa, shuka!"

Zamu ya Mama Beata inafika. Anangoja wimbi. "Sasa!" anaambiwa, na anashuka vizuri kabisa. Mwandishi wa makala haya, aliyekwisha kukaa botini na ambaye asubuhi alikuwa miongoni mwa waliocheka gatini, anajikuta ananyanyuka kumpisha mama mtu mzima.

"Kaa chini!" Si Gertruda aliyefoka, ni Mama Beata. "Hukumsikia binti?"

Mwandishi anakaa haraka. Masoudi anacheka mpaka anakaribia kuachia usukani.

Boti inagusa mchanga. Abiria wanashuka mmoja mmoja, maji yakiwafika kwenye mashavu ya miguu. Ufukweni mkwe amesimama na kichanga kilichofunikwa kanga, lakini Mama Beata hamwendei kwanza. Anapanda hadi mchanga mkavu, anaweka mzigo chini, anatengeneza kitenge na kugeuka. Gertruda bado yuko botini, ameshika pondo la kusukumia boti, anataka kurudi melini.

"Marahaba, mwanangu!"

Gertruda anamtazama asielewe.

"Ulinisalimia ngazini. Si wewe uliyesema salamu nchi kavu? Nami ndiyo nimefika."

Gertruda anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na hana tena moshi wa kusingizia. Anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo moja amelitamani tangu aanze kazi: kumfikisha mama yake mpaka mwisho wa safari, kule kaskazini, aione milima yote. Hajawahi kuthubutu kumwambia.

Masoudi anawasha injini. Boti inaanza kurudi nyuma, na Mama Beata, mjukuu sasa mikononi, anapaza sauti.

"Gertruda! Meli inarudi lini? Uniwekee nafasi upande ule wa milima."