Kuhesabu Vitwitwi Luvungi

Nilitoka Bukavu mwezi wa Julai kwa sababu ya kipumbavu. Bwana mkubwa mmoja wa serikali, mzungu mpenda darubini, alitaka kuhesabu vitwitwi, vile vindege vya miguu mirefu vinavyochokoachokoa tope kando ya mto. Mimi, karani wake, nilichukuliwa kuandika na kutafsiri. Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai tu.

Saa kumi na mbili asubuhi kamioneti iliondoka. Kwenye kona za mteremko wa Kamanyola bwana alifumba macho, kisha huko chini akanieleza jinsi sisi Waafrika tunavyoogopa magari. Nilimcheka kimoyomoyo bonde lote la Ruzizi.

Luvungi tulipokewa na Maman Feza, mjane aliyeishi kwa shamba lake la mpunga ukingoni mwa mto. Alituandalia viazi, bwana alivinusa, akafungua kopo lake la samaki. Siku tatu alikaa kwenye kiti cha kukunja akikodolea macho mchanga mtupu. Daftarini niliandika vitwitwi wawili, mmoja anachechemea.

"Watu wa hapa wamewala," akasema kwa Kifaransa. "Na mpunga wao unaharibu ukingo. Nitaufunga ukingo huu, wasilime tena. Muulize huyu mama ndege wamekwenda wapi."

Maman Feza alishangaa. "Papa karani, umuambie sasa iko kiangazi. Ile ndege inakuyaka na mvula, inajaa huku mupaka hauone muchanga. Padri alituambia inarudiaka Ulaya, kwabo. Huyu bwana angebakia kwabo, angeihesabia kule!"

Bwana alikuwa akinitazama. Nimwambie mzungu amekuja Kongo kutafuta ndege walioko kwao? Niliona kazi yangu ikiota mbawa.

"Anasema hajui," nikatafsiri.

Jumapili tulirudi Bukavu. Nikapiga ripoti kwa mashine: ndege wamepungua, wakulima waondolewe ukingoni. Sikukosea hata herufi moja.

Oktoba, mvua zilipoanza, nilitumwa peke yangu kumsomea Maman Feza amri ya kuhama shamba. Vitwitwi walikuwa wamefunika mchanga wote, wakipiga kelele hadi nikalazimika kupaza sauti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa karani, maneno yangu ulimuambia?"

"Nilimwambia."

Akaenda kung'oa miche yake. Aibu ilinishika, hata kumsaidia sikuthubutu. Safari nzima nilimdharau bwana yule kwa kutojua kitu. Nilichojifunza ni kwamba yeye, angalau, hakujua.